Nilimpigia Baba Mkwe Goti la Uongo

Ma Jovina mpendwa,

Naomba unipokee na mzigo wangu, nimeutembeza tangu mwezi wa tisa na sijapata pa kuutua. Lakini kabla sijafika kwenye shida nataka kwanza nishukuru, maana mtu ninayekuandikia habari zake nikimtaja bila shukrani nitakuwa nimemkosea mara ya pili.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nshambya hapa Bukoba na mume wangu Projestus ambaye ni dereva wa lori, na nina duka la simu pale Kashai, nauza simu mpya na zilizotumika, kava, protekta, chaja na spika, na sijisifu lakini watu hutoka hadi Kagondo kuja kuniuliza wanunue ipi, kwa sababu mimi simdanganyi mteja, namwambia hizo kamera nne za nyuma tatu ni mapambo, angalia betri, angalia sauti, angalia kama kioo chake kinapatikana hapa mjini siku kikivunjika. Kwa hiyo uone mwenyewe aibu yangu ilivyo, kwamba aliyeumbuliwa na simu ni mimi ninayeziuza.

Baba mkwe wangu ni mzee Kahangwa, ana miaka sabini na nane, anaishi kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa huko Muleba pamoja na wifi yangu Vestina. Ma Jovina, huyu mzee ndiye aliyenifanya niwe mtu kwenye ule ukoo. Nilikaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, na mwaka wa sita baba wadogo na mashangazi wa mume wangu wakaitisha kikao wakitaka Projestus aoe mke mwingine, na mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za wageni hao hao huku nasikia kila neno, mpaka baba, ambaye alikuwa amenyamaza kikao chote, akasema, "Huyu ni mtoto wa nyumba hii. Anayetaka mkwe mwingine akamtafutie mwanawe." Kikao kikaishia hapo, watu wakala ndizi zangu wakaenda makwao, na hakuna aliyelirudia lile neno mpaka Mungu aliponipa Isaac na baadaye mdogo wake. Namshukuru Mungu na namshukuru yule mzee, na sitaacha kumshukuru hata kama baada ya hili hatanitazama tena.

Mama mkwe, marehemu Ephrasia, alipofariki mwaka juzi, baba alinyamaza. Hakuwa mgonjwa, alikula, alikwenda kanisani, lakini Vestina akawa ananiambia kwamba siku nzima inaweza kupita hajasema maneno kumi. Nikasema mimi kazi yangu ni simu, basi nitamsaidia kwa ninachokijua. Nikamchagulia simu ya tachi yenye betri inayokaa siku mbili, maana kule umeme unakatika, yenye spika ya sauti kubwa, nikakuza maandishi mpaka mwisho wake, nikaivalisha kava nene la mpira, nikampelekea mwenyewe, nikakaa naye barazani mchana kutwa nikimfundisha kuwasha, kuzima na kuongeza sauti. Na kwa kuwa vidole vyake vimekakamaa kwa jembe, nikamwekea picha mbili kubwa mbele ya kioo, ya Projestus na yangu, ili akigusa picha ipige video moja kwa moja bila kutafuta namba. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Alianza na picha ya mwanawe, lakini Projestus yuko barabarani na akiendesha hapokei simu, kwa hiyo baba akahamia kwenye picha yangu, akawa ananipigia kila siku iendayo kwa Mungu, saa nne asubuhi, baada ya chai. Ma Jovina, nilifurahi jamani. Alinionyesha kahawa aliyoanika, alinionyesha ndama saa ile ile aliyozaliwa bado amelowa, alinionyesha kaburi la mama alivyolipandia maua, na siku moja kidole chake kilikuwa kimeziba kamera, nikamwambia baba naona giza tu, akajibu basi kwenu Bukoba jua huwahi kuzama, akacheka, na Vestina aliyekuwa anafagia nyuma yake akasimamisha ufagio, kwa sababu hakuwa amekisikia kile kicheko tangu msiba. Kwa hilo peke yake naishukuru ile simu, na aliyeibuni popote alipo Mungu ambariki.

Sasa shida. Unajua kwetu Wahaya mwanamke aliyeolewa hamsalimii baba mkwe akiwa wima. Siku ya kwanza alipopiga nilikuwa nyumbani, uso wake ukatokea kwenye kioo, amevaa koti lake la ibada na kofia, amesimama barazani, kama ilivyokuwa kila siku baada ya hapo, na mimi kabla sijafikiri nilikuwa nimeshapiga magoti sebuleni namwamkia, "Kaboneka waitu, tata." Akafurahi, akaniombea baraka kwa Kihaya kirefu, na mimi nikafurahi. Kumbe nilikuwa nimeshaweka sheria. Kesho yake nikapiga magoti dukani nyuma ya kaunta, na mteja aliyekuwa anachagua chaja akaona muuzaji ametoweka akaenda kuwauliza majirani kama nina ugonjwa. Nimepiga magoti kwenye foleni ya benki, nimepiga magoti kituo cha mafuta pembeni ya pikipiki, nimepiga magoti kwenye kikao cha kamati ya harusi mpaka mwenyekiti akadhani nimezidiwa akaniletea maji. Bodaboda wa kijiweni kwetu wakaanza kuniita Mama Goti.

Na ukienda kijijini ukapiga magoti, baba anakuona uko chini, anaitikia, anauliza habari za nyumbani, anakwambia inuka mwanangu, yamekwisha, ni dakika mbili. Kwenye simu anaona uso tu. Akishaona uso anasahau magoti yako wapi, anaanza kuzunguka na simu kibanja kizima ananionyesha mkungu mmoja mmoja, dakika ishirini, na mimi niko chini kwenye sementi, na nitamwambiaje baba mkwe kwamba nimechoka kukuheshimu? Nilitafuta kipande cha godoro nikakiweka chini ya kaunta, lakini huwezi kutembea mjini na godoro.

Ndipo mimi mtu wa simu nikagundua kitu. Ukiwa umekaa au umesimama, ukaishika simu usawa wa kifua, halafu ukaiinua polepole mpaka juu ya paji la uso huku unainamisha kichwa, anayekuangalia upande wa pili anaona unashuka. Nilijaribu kwanza na Hafidha, jirani yangu mwenye duka la vitenge, nikampigia akiwa dukani kwake, akaapa kwamba ameniona nikipiga magoti. Tangu siku hiyo, Ma Jovina, nilimpigia baba goti la uongo kwa miezi minne. Sasa hivi nikiandika najisikia vibaya, lakini wakati ule nilijisikia nimepata nafuu, nilikuwa hata namsubiri apige nikiwa nimekaa zangu na chai, tunaongea, anafurahi, nafurahi, nikasema hakuna aliyeumia.

Mwezi wa tisa nikabadilisha simu yangu, nikachukua ile yenye kamera pana ya mbele, inayoingiza kwaya nzima kwenye picha moja bila mtu wa pembeni kukatwa kichwa, sifa ambayo nimewaimbia wateja mpaka wakanunua. Siku ya Alhamisi nikawa saluni kwa Agnetha nasukwa, nimekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, miguu nimeinyoosha juu ya stuli, mkononi nina mfuko wa karanga, simu ikalia, nikafanya kama nilivyozoea, nikaiinua taratibu, nikainamisha kichwa na misuko yangu nusu, nikasema kaboneka waitu, tata. Sikukifikiria kioo cha Agnetha, kile kirefu cha ukuta wa pembeni kinachoanzia juu mpaka sakafuni. Kamera ilikichukua chote. Nikaangalia ile picha yangu ndogo kwenye kona nikajiona mzima mzima, kiti, miguu, stuli, karanga. Baba akasema kwa upole, "Nimekuona, mwanangu. Endelea na kazi zako," akakata.

Hakupiga tena. Nilipiga mimi siku ya tatu, haikupokelewa, siku ya tano haikupokelewa, na siku ya tisa Vestina akaja mjini na mzigo. Simu ilikuwa ndani ya boksi lake, na chaja yake, na kile kikaratasi cha maelezo ambacho kila mtu hukitupa, baba alikuwa amekitunza, vyote vimefungwa kwenye kitambaa safi, na pamoja navyo mkungu wa ndizi na kifurushi cha kahawa ya kutafuna. Vestina akasema baba anasema asante sana, imemfaa, mrudishie mwenyewe. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema hajui, hajasema, anachojua yeye ni kwamba sasa asubuhi mzee anapumzika, maana zamani alikuwa anasumbuka na kile kiuno chake kibovu, kunawa uso, kuvaa koti, kuomba fimbo, kujikokota mpaka barazani, ndipo aguse picha. Siku hizi anatumia kile kitochi chake cha zamani cha vitufe, anampigia Projestus jioni, wanaongea maneno mawili matatu, na mimi naletewa salamu.

Projestus anasema mzee ni mzee, atasahau, simu nirudishe dukani niuze. Hafidha anasema nimpelekee blanketi zuri nisiseme lolote, ataelewa mwenyewe. Lakini mimi sina raha, na nitakwambia kwa nini. Krismasi ukoo mzima unakutana kwa baba, wale wale wa kikao cha siku ile, na mimi nitaingia barazani nitapiga magoti mbele yao, ya kweli, na kama baba atakaa kimya asiniitikie, basi lile neno alilosema kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii atakuwa amelifuta yeye mwenyewe mbele ya walewale aliowaambia. Nifanye nini? Nikiri kwamba nilidanganya miezi minne, au niseme ilikuwa siku ile moja tu kwa sababu nilikuwa nasukwa? Niende sasa au nisubiri hasira zipoe?

Simu bado iko kwenye kitambaa chake, sijaifungua. Nakushukuru kwa kunisikiliza na Mungu akuzidishie.

Ni mimi mkwe, Kashai.

*

Mkwe wa Kashai,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka Mutalemwa wa kurasa za michezo akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka, na nikirudi kwenye ile sehemu ya kikao na ndizi nakiri nilitafuta leso. Asante kwa kutuandikia, na asante kwa kuanza na shukrani, maana barua nyingi ninazopata kuhusu wakwe hazianzi hivyo wala haziishii hivyo.

Sasa nikugombeze kidogo, umeyataka mwenyewe. Umekosea, lakini si pale unapodhani. Kukaa si kosa. Hakuna mzee mwenye akili timamu anayetaka mkwe wake apige magoti kwenye mafuta ya pikipiki. Kosa lako ni kufanya mazoezi na Hafidha. Mama mzima, mwenye duka na watoto wawili, unampigia jirani simu akuhakikishie kwamba uongo wako unaonekana vizuri. Ungekuwa umekaa tu kwa kuchoka ningesema ni udhaifu. Ulipotengeneza ufundi wake na ukautumia miezi minne, hapo ulikuwa unamfanya yule baba mjinga, na ndicho kinachokunyima raha, kwa hiyo usijidai hukijui.

La pili. Unawashauri watu wa Kagondo wote kuhusu betri na kamera, lakini ulipokaa na baba yako barazani ukamfundisha kuwasha, kuzima na kuongeza sauti, hukumwambia kitu kimoja kidogo: baba, ukiniona uso, mimi niko chini. Yeye angejuaje? Simu inaonyesha uso. Umemuuzia, samahani, umempa kifaa bila kumwambia kasoro yake, na kwa mteja wa dukani usingefanya hivyo. Mimi mwenyewe nina mkwe, Magdalena, yuko Mwanza, tulianza hivyo hivyo, na siku moja nikasikia mtoto analia nyuma yake na maji yanamwagika jikoni na yeye bado ananiuliza habari za migomba. Nikamwambia mwanangu, kwenye simu nisalimie ulivyo, magoti yangu utanilipa ukija. Lakini mimi nilisikia maji yakimwagika. Baba yako wewe ulimfichia vizuri mno.

Sasa acha kulia, unisikilize, kwa sababu kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukulisoma. Unasema kila alipopiga alikuwa amevaa koti la ibada na kofia, amesimama barazani. Labda ulidhani anapenda kuonekana kwenye simu. Halafu Vestina anakuja anakwambia mzee ana kiuno kibovu, kila asubuhi ananawa, anavaa, anaomba fimbo, anajikokota. Mama, wewe ni Mhaya. Mkwe akikupigia magoti utampokea ukiwa umelala kitandani na fulana? Yule mzee alikuwa anasimama kwa sababu wewe ulikuwa unapiga magoti. Alikuwa anakupa heshima yako kwa gharama ya kiuno chake, kila siku, saa nne, na hakukwambia, kama wewe ambavyo hukumwambia.

Siku ya saluni alipokuona umenyoosha miguu, naamini aliona mtu aliyechoka. Angekuwa na hasira angekusema pale pale, maana huyu si mtu wa kuogopa kusema, aliukabili ukoo mzima. Yeye alisema amekuona na uendelee na kazi zako. Halafu akakaa na jambo hilo siku tisa, akaamua. Mtu aliyekasirika hatunzi kikaratasi cha maelezo. Hakufungii simu kwenye kitambaa safi. Na zaidi ya yote hakuletei kahawa ya kutafuna, ambayo wewe na mimi tunajua hupewa nani katika nyumba zetu: hupewa mtu anayekaribishwa. Amekurudishia simu ili akupumzishe. Amejiona yeye ndiye mzigo, akajiondoa.

Sikwambii haya ili ufurahi. Nakwambia ili uone hasara yake. Ulipeleka simu kwa mtu aliyekuwa hasemi maneno kumi kwa siku, akacheka. Sasa amenyamaza tena, na safari hii amenyamaza kwa ajili yako. Wewe unahesabu siku za kufika Krismasi ukiogopa baba wadogo watakuonaje. Yeye asubuhi saa nne anakaa ndani, hana wa kumwonyesha ndama.

Huenda nimekosea. Simjui mzee Kahangwa, nakujua wewe kwa karatasi tatu tu. Inawezekana ameumia kweli, na kama ameumia ana haki. Lakini iwe ameumia, iwe amekuhurumia, dawa ni ileile, kwa hiyo hatuna sababu ya kubishana.

Usisubiri Krismasi. Krismasi kuna watu, kuna nyama, kuna kelele, na utakuwa unamwomba msamaha huku unaangalia mashangazi wanakuangaliaje. Nenda Jumamosi hii. Blanketi la Hafidha liache dukani, mnunulie siku nyingine usiyokuwa na kosa. Projestus aende na wewe, na hapa nina neno lake, umsomee kwa sauti: bwana Projestus, picha ya kwanza kwenye ile simu ilikuwa yako. Baba yako alianza na wewe, hukupokea, na kazi ya kuwa mtoto ukamwachia mkeo. Lori lina breki. Kuna siku za kupumzika, na mzee ana kitochi na wewe una vidole. Na hilo la kusema auze ile simu, lifute.

Mkifika, mwache Projestus asalimie kwanza. Kisha wewe upige magoti, na kabla hajakwambia inuka, sema. Sema yote, miezi minne, na namna ulivyokuwa unaiinua simu, na Hafidha pia. Ukisema ilikuwa siku moja tu kwa sababu ya kusukwa, utakuwa umepiga goti la kweli ukiwa na uongo mdomoni, na huo ni mbaya kuliko wa saluni. Huna haja ya hotuba. Mwambie baba, nilichoka nikashindwa kukwambia, nikakudanganya, nisamehe. Halafu mshukuru kwa lile neno la kikaoni. Umeniandikia mimi ukurasa mzima wa kumshukuru, na nina mashaka kama yeye mwenyewe amewahi kulisikia hata nusu yake. Wakwe tunaogopana mpaka shukrani tunapelekeana kwa gazeti.

Simu usiifungue wala usiisukume mbele yake. Nenda nayo ikiwa kwenye kitambaa chake, ikae kwenye mkoba. Akishakuitikia, na mmeshakula, muulize yeye atoe sheria: kwenye simu mnasalimianaje? Yeye ndiye mwenye mji, yeye ndiye wa kusema mkwe wangu asalimie akiwa amekaa, na yeye ndiye wa kujiruhusu apokee akiwa kwenye kiti chake bila koti. Akilisema yeye, Vestina akiwepo akisikia, hakuna shangazi atakayelipinga. Ndipo utoe simu, uipangilie upya mbele yake, picha ya Projestus iwe kubwa kuliko yako, na umnunulie kile kistendi cha kuweka simu mezani ambacho najua unacho dukani, mzee asiishike juu dakika ishirini. Akisema hapana, simu hataki tena, irudishe mkobani bila kununa, kisha muwe mnakwenda wenyewe mara mbili kwa mwezi. Muleba si Ulaya.

Unaogopa hataitikia. Nakuelewa, na siwezi kukuapia kwamba ataitikia. Nikwambie tu kwamba kama ni kunyamaziwa, afadhali unyamaziwe Jumamosi mkiwa wanne barazani, na ukae hapo hapo chini mpaka aseme neno, hata kama magoti yatauma, kwa kuwa safari hii atakuwa anayaona.

Duka lifunge. Karanga zile usibebe. Na tafadhali, mama, usimpigie simu kumwambia unakuja. Fika.

Ma Jovina